Nabii Mzee wa Beteli na Odio za Simu Zetu



Somo letu liko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 13, toka mstari wa 1 mpaka wa 32. Ninawaomba mlisome ninyi wenyewe nyumbani mbele ya kuendelea na ukurasa huu, maana hapa nitalieleza kwa maneno yangu tu.

Mtu mmoja wa Mungu alitoka Yuda akafika Beteli kumpelekea Mfalme Yeroboamu neno kali mbele ya madhabahu yake. Mfalme akanyoosha mkono ili wamkamate, mkono ukakauka. Akaombewa, mkono ukarudi sawasawa. Ndipo mfalme akabadilisha sauti: twende nyumbani kwangu, ule, nikupe na zawadi. Mtu wa Mungu akakataa. Alikuwa ameagizwa na Bwana asile mkate wala asinywe maji mahali pale, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Alimwambia mfalme kwamba hata akimpa nusu ya nyumba yake hatakubali. Hapo alishinda.

Lakini angalieni ni nani aliyemwangusha. Mjini Beteli kulikuwa nabii mzee. Akasikia habari kutoka kwa wana wake, akapanda punda, akamfuata yule mtu mpaka akamkuta amekaa chini ya mti. Akamwambia: mimi pia ni nabii sawasawa wewe, na malaika amesema nami kwa neno la Bwana, nikurudishe nyumbani kwangu ule na unywe. Maandiko yanasema wazi kwamba alimdanganya. Mtu wa Mungu akarudi, akala, akanywa. Aliposhika tena njia ya kwenda kwao, simba akamkuta njiani akamuua.

Wandugu, mfalme mwenye zawadi hakuweza kumgeuza. Aliyemgeuza ni mwenzake. Hakuuliza swali hata moja. Malaika gani? Alisema nawe lini? Kwa nini Bwana aniagize mimi hivi, kisha akuagize wewe kinyume? Neno hili tu, "mimi pia ni nabii sawasawa wewe," lilitosha.

Mimi ninawaandikia habari hii kwa sababu nimekuwa yule nabii mzee.

Wengi wenu mnakumbuka miaka ile. Tarehe 1 agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, nyuma ikafika Beni, ikafika kwetu Butembo, ikafika Katwa. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 juni 2020. Watu 3.470 waliugua, na kati yao 2.287 walikufa. Hakuna kanisa la upande wetu ambalo halikuzika.

Na mnakumbuka pia roho zetu zilivyokuwa. Mauaji ya Beni yalikuwa yameanza toka 2014 na hakuna aliyetueleza vizuri ni nani anaua. Kisha, katika mwezi wa desemba 2018, siku chache mbele ya uchaguzi, tukaambiwa kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura pamoja na wengine, juu ya Ebola na juu ya usalama. Wengine walipiga kura tarehe 30 desemba. Sisi tulipiga yetu tarehe 31 machi 2019, rais mpya akiwa amekwisha kula kiapo toka januari. Magari ya watu wa Riposti yalikuwa yanapita kila siku, na vijana wetu walikuwa wanahesabu makuta yaliyokuwa yanaingia mifukoni mwa wengine. Sisemi kwamba mashaka yetu yalikuwa ya bure. Uongo uliingia kwetu kwa mlango ambao watu wengine waliuacha wazi. Hata watafiti waliokuja septemba 2018 kuuliza watu wazima 961 hapa na Beni walikuta kwamba mmoja kati ya wanne anasema Ebola haiko.

Katika januari 2019 nilipokea odio katika simu yangu. Mwanaume alikuwa anasema Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa, akitaja maneno ya hospitali. Nyuma yake kulisikika mlio wa mashine, tii, tii, tii, sawasawa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Akasema yeye ni munganga katika hospitali kubwa ya Kinshasa, na roho yake haimruhusu kunyamaza. Akasema sindano wanayochoma watu ndiyo inaleta Ebola, wanaoipata wanakufa katika juma la pili, na kwamba ni mpango wa kutupunguza. Akamaliza kwa kutuomba, kwa jina la Yesu, tutume odio hiyo kwa kila mtu tunayempenda.

Niliisikiliza mara nne. Nikawapenda watu wangu. Nikaitia katika grupu ya korale na katika grupu ya wazee wa kanisa, na chini yake nikaandika: "Wapenzi, tujilinde." Nilitumia mega zangu za mwisho.

Katika korale kulikuwa mama mmoja ambaye sitamtaja jina, wengi mnamjua. Jirani yake alikuwa amefiwa na mtoto, na yeye alikuwa amesaidia kufua nguo za marehemu. Watu wa Riposti wakaandika jina lake katika liste ya wale waliogusana na mgonjwa, wakaja kumchanja. Akakataa. Usiku akaenda kujificha kwa dada yake kijijini. Homa ilimshika kule. Alikaa nayo karibu juma zima mbele ya kukubali kuletwa mjini, na katika sentre ya matunzo alimaliza siku mbili tu.

Nyuma ya mazishi, ambayo tuliyatazama kwa mbali, nilikwenda kwa mume wake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumfariji. Yeye aliniuliza swali moja: "Papa Shemasi, ile odio ilikuwa ya nani?" Nikamwambia ni ya munganga wa Kinshasa. Akasema: "Hapana. Mke wangu hakumjua munganga wa Kinshasa. Alikujua wewe."

Tangu siku hiyo nilianza kufuata njia ya odio ile. Nikamwuliza aliyenitumia, akanipeleka kwa shemeji yake. Shemeji akanipeleka kwa dereva wa pikipiki. Dereva akanipeleka kwa kijana mmoja anayeuza kadi za simu, naye akanionyesha namba ya mtu wa tano. Mtu wa tano alisema aliikuta katika grupu ambayo imekwisha kufungwa. Pale njia ilikatika. Kisha dada mmoja wa kanisa letu, infirmie, akaniomba tuisikilize pamoja tena. Ilipokwisha aliniuliza: "Huyu munganga jina lake nani?" Wandugu, hakulisema. "Hospitali gani?" Hakuisema. "Alisema siku gani?" Hakusema. Mara nne nilikuwa nimeisikiliza, na sikuona kwamba mtu yule hakutoa hata kitu kimoja ambacho mtu anaweza kwenda kukiuliza.

Yule dada alinieleza pia neno ambalo lingeniokoa kama ningemwuliza kabla. Chanjo ile inahitaji siku karibu 10 ili mwili upate nguvu ya kutosha. Mtu ambaye virusi vimekwisha kumwingia mbele ya kuchanjwa anaweza kuugua katika siku zile. Kwa macho ya jirani ni hivi: alichomwa sindano siku ya pili, siku ya tano ana homa, basi sindano imemwua. Jirani hakusema uongo, aliona kweli. Lakini hakuona kile kilichotangulia. Na wengine walishikwa na homa ndogo na kichwa kuuma siku moja au mbili nyuma ya sindano, na hiyo nayo ikasemwa kuwa ni Ebola. Mtu wa odio alichukua vitu viwili vya kweli akavifunga pamoja na uongo. Ndiyo maana ilikuwa tamu kusikilizwa.

Ninajua mtu ataniuliza: na wewe Shemasi, sasa tuamini tu kila kitu kinachosemwa na serikali na wazungu? Sikusema hivyo. Mtu wa Mungu hakukosea kumkatalia mfalme. Alikosea pale alipoacha macho yake wazi mbele ya mfalme na kuyafumba mbele ya mwenzake. Sisi tulifanya vilevile. Tulimwuliza munganga aliyekuja na gari maswali mia: umetoka wapi, nani anakulipa, kwa nini sisi. Yalikuwa maswali mazuri. Odio hatukuiuliza hata moja.

Tena kwetu sisi ni aibu zaidi, maana sisi ni watu wa unabii. Hebu tukumbuke desturi yetu. Ndugu akiona maono usiku, je, asubuhi anasimama katikati ya ibada na kuyatangaza? Hapana. Anayapeleka kwa wazee. Wanamwuliza: uliona nini hasa, ulikuwa umefunga, ulikuwa umekasirikia mtu, neno hili linapatana na Maandiko? Wakati mwingine wanamwambia angoje. Paulo aliwaandikia Wakorinto, katika barua ya kwanza, sura ya 14, kwamba manabii wakisema, wengine wapime. Tunampima ndugu ambaye tunamjua toka utoto, aliyebatizwa mbele yetu, anayesema kwa machozi. Kisha sauti isiyo na jina inaingia kwa simu saa tano ya usiku, na mbele jogoo hajawika imekwisha kufika nyumba 200. Nani aliipima?

Sitaki mtu afikiri ni mambo ya Ebola tu, ama ya Butembo tu. Mwaka 2014, Ebola ilipoingia Nigeria, habari ilitembea kwa simu kwamba kunywa maji ya chumvi na kuyaoga kunazuia ugonjwa. Watu walikunywa. Wawili walikufa juu ya chumvi ile. Ninaamini waliotuma habari ile waliituma kwa mapendo, kwa mama zao na kwa watoto wao.

Na leo? Papa mmoja wa paroasi yetu ana ugonjwa wa sukari. Aliona video: mtu amevaa blusi nyeupe, na kile chombo cha kusikiliza moyo kikiwa shingoni, anasema maji ya majani fulani yanaponyesha sukari kabisa kwa siku 21, na vidonge vya hospitali vinaharibu figo. Papa akaacha vidonge. Juma la kwanza alijisikia vizuri, la pili vizuri, akaja kwangu anataka kutoa ushuhuda mbele ya kanisa. Nilimwomba kwanza twende wote kwa sentre ya afya kupima damu. Sukari ilikuwa juu sana. Infirmie alituambia kwamba sukari na tension ni magonjwa yanayokaa kimya. Mtu anaweza kuacha dawa na kujisikia na nguvu siku nyingi, huku ndani macho, figo na miguu vinaharibika. Basi ushuhuda wa papa ungekuwa wa kweli kwa kinywa chake na wa uongo kwa damu yake. Na ndugu wengine wenye sukari, ambao wako wanne ninaowajua katika paroasi, wangemfuata.

Hapa nitakaa kidogo, maana sisi tunapenda shuhuda, na mimi ninazipenda. Mungu anaponya, nimeona. Lakini ushuhuda wa mtu mmoja na kujua kama dawa ni nzuri ni vitu viwili. Hapa kwetu, katika sentre za Mangina, Beni, Butembo na Katwa, wanganga walijaribu dawa nne za Ebola kwa wagonjwa 681. Kura ndiyo iliyokuwa inaamua nani apate dawa gani, ili mtu asichague wagonjwa wenye nguvu na kuwapa dawa anayoipenda. Katika dawa mbili, walikufa karibu nusu. Katika nyingine mbili, walikufa karibu mmoja kati ya watatu. Agosti 2019 zile mbili dhaifu zikaachwa. Sasa fikirini: kati ya waliopata dawa dhaifu, nusu walipona. Kama mmoja wao angesimama hapa kanisani na kusema "dawa hii iliniponyesha, itumieni," angesema kwa moyo safi, tungepiga vigelegele, na tungewaacha watu wafe wakati dawa iliyo bora iko karibu. Bila kuhesabu wote, waliopona na waliokufa, hakuna anayeweza kujua. Waliokufa hawatoi ushuhuda katika video.

Na wale walioletwa mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, na wakapata moja ya dawa zile mbili bora, karibu 9 kati ya 10 walipona. Mama yetu alikaa kijijini karibu juma zima. Hesabu hiyo ninaijua sasa, na kuna usiku ambao inaniamsha.

Tena kuna jambo ambalo sauti ile ya simu haikutuambia. Moja ya dawa zile mbili ilitokana na damu ya Mukongomani. Ni mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Miaka zaidi ya 10 nyuma yake, mwili wake ulikuwa bado unakumbuka namna ya kupigana na virusi, na kutoka damu yake wanganga walipata ile silaha. Profesa Muyembe, mwana wa nchi hii, ambaye alikwenda Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huu ulipoonekana kwa mara ya kwanza, alikuwa katika kazi hiyo. Tulikuwa tunaikimbia tukiita "dawa ya wageni," na ilikuwa imetoka Bandundu.

Wengine wataniambia: Shemasi, sisi tunategemea maombi, haya mambo ya wanganga tunayaacha. Sitabishana sana. Msome Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20. Mfalme Hezekia aligeukia ukuta akaomba, Mungu akasikia, na nabii Isaya akaagiza waweke andazi la tini juu ya jipu lake. Nabii ndiye aliyeagiza dawa. Na Luka alikuwa munganga.

Basi tufanye nini na simu? Kuzitupa hatuwezi, na mimi sitaki. Kwa simu hiyo hiyo tulijua wapi maji ya kunawa yamewekwa, na kwa simu mtoto wangu alisoma namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mdogo wake mwenye kuhara. Aliniletea nione, tukaenda kuuliza, na ilikuwa sawasawa infirmie anavyofundisha. Habari nzuri haiogopi kuulizwa.

Mimi sasa, habari ya ugonjwa ikiingia, ninatafuta kwanza mtu. Jina lake, kazi yake, mahali anapofanya kazi, na siku aliyosema. Kama anasema yeye ni munganga wa hospitali fulani, ile hospitali iko na watu, mtu anaweza kuwauliza. Kama hana jina, ninaiacha pale. Ninatazama pia ile alama ya mishale miwili midogo juu ya ujumbe. Inaonyesha kwamba umepita katika mikono mingi, maana yake aliyenitumia hakuuandika na pengine hamjui aliyeuandika. Video nazo huwa zinarudi. Ya mwaka 2019 inaweza kuletwa leo kama ya jana, na ya nchi nyingine ikaitwa ya Goma. Na siku hizi kuna mashine, wanaziita akili bandia, zinazoweza kutengeneza uso na sauti ya munganga anayejulikana, asifu dawa ambayo yeye mwenyewe hajaiona. Kwa hiyo hata jina na uso peke yake havitoshi. Ni lazima neno lilelile lipatikane na mahali pengine, kwa sentre ya afya, kwa Radio Okapi, kwa watu wa wizara.

Nikiona mwishoni kuna namba ya kutuma makuta ili nipate dawa, ninajua ni duka. Nikiambiwa niache dawa ambayo munganga alinipa akinitazama kwa macho, ninakwenda kwake kwanza. Na odio ikiniambia nitume haraka mbele hawajaifuta, hapo ndipo ninapokaa chini kabisa. Malaika wa kweli hana haraka ya namna hiyo, na nabii mzee alimkuta mwenzake akiwa amechoka chini ya mti, bila mtu wa kumshauri.

Kuna wakati sipati jibu. Infirmie naye hajui, radio haikusema neno. Basi ninakaa nayo. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu anaona anamnyima ndugu yake ulinzi. Nilijiona hivyo januari 2019.

Rudini sasa kwa mwisho wa somo letu. Nabii mzee aliposikia habari ya simba, alipanda punda wake tena. Alikuta mwili umetupwa njiani, simba na punda wamesimama kando yake. Akauchukua, akaurudisha mjini, akauzika katika kaburi lake mwenyewe, akamlilia sawasawa ndugu. Akawaambia wana wake kwamba siku atakapokufa wamzike pale pale, mifupa yake kando ya mifupa ya yule. Maandiko hayatuambii kwa nini alidanganya. Mimi sikudanganya kwa kujua, na wengine wamenifariji kwa neno hilo. Lakini nimesoma sura hii mara nyingi, na ninaona kwamba kwa yule aliyelala njiani haikuleta tofauti.

Nilisimama mbele ya kanisa siku ya yenga moja katika mwaka 2019 nikaomba msamaha, na ninyi mlinipa. Katika grupu ya korale nilifuta ile odio na kuandika pale pale kwamba ilikuwa ya uongo na kwamba mimi ndiye niliyeileta. Ninawaomba mtu akikosea hivi afanye vile vile, pale pale alipokosea, wala asiache ipotee kimya kimya. Wale waliosikia ya kwanza ni lazima wasikie na ya pili.

Wazee wamekubali kwamba toka mwezi ujao, kila siku ya posho saa nane, wale dada wawili wa kanisa letu ambao ni infirmie watakaa chini ya mti wa avoka nyuma ya kanisa. Mwenye odio, video ama picha ya dawa asiyoielewa aje nayo. Hakuna atakayechekwa, na hakuna kulipa. Vijana waje na simu zenye moto, maana kule nyuma hakuna umeme.

Mume wa yule mama ndiye wa kwanza kuandikisha jina. Toka miaka ile hatumi kitu kwa mtu mbele hajanipitishia mimi. Usiku wa juzi alinitumia video ya mwanamke anayesema majivu yaliyochanganywa na petroli yanaponyesha mpox, na chini yake ameandika kama anavyoandika siku zote: "Papa Shemasi, hii ni ya nani?" Nilimjibu kwamba bado ninaulizia, na kwamba wakati huo petroli ikae mbali na ngozi ya watoto.